Umeme kisiwani: gridi ndogo ya jua, sola ya mkopo au jenereta?

Mwenye Duka
Wakuu, habari za leo. Nipo kisiwa kidogo Ukerewe, nguzo za TANESCO hazijafika. Nina duka na friji moja. Kuna kampuni inaandikisha wateja wa gridi ndogo ya jua, yaani paneli za pamoja zinazosambaza umeme kijijini kwa nyaya. Jirani anatuuzia umeme wa jenereta jioni, na sola za mkopo wa kulipia kila siku zipo. Nichukue ipi?

Fundi Kirumba
Mkuu, anza kupima friji. Ya dukani inaweza kula uniti moja kwa siku. Paneli ya wati 100 ikipata jua kali la saa tano inatoa nusu uniti, hapo betri haijala chake. Kwa hiyo sola ya taa nne na redio haitaisukuma. Jenereta ndogo nayo, lita ya petroli haivuki uniti mbili, na bei ya huko ina nauli ya boti ndani yake.

Subira
Ngoja TANESCO. Mtumiaji mdogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, bei ya msingi ni shilingi 100 kwa uniti. Gridi binafsi inaweza kuwa ghali zaidi.

Mama Dagaa
Kaka Subira, tungoje mpaka lini? Kisiwani Ukara, pale Bwisya, gridi ya jua iliwashwa 2016.

Mwenye Duka, mimi nilichukua sola ya mkopo. Taa ni nzuri, sikatai. Kilichonishinda ni mbalamwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inalala mwaloni, pale inapoegeshwa, na hela mwalo mzima inakauka. Mkopo unataka malipo yale yale kila siku. Siku ya nne bila kulipa, mtambo ukajifunga. Nilimkuta mwanangu kalala kifudifudi, anamulika daftari kwa kitochi cha simu, chaji imebaki kidogo. Iliniuma sana. Ndiyo maana mimi nasema gridi ndogo, ila ya kununua uniti kama LUKU: siku za giza unanunua nyingi, siku za mbalamwezi unabana.

Fundi Kirumba
Mama kasema kweli. Kabla ya kusaini, uliza kama kuna ada ya mwezi hata usipotumia, maana hiyo itakurudisha kule kule kwenye mkopo. Uliza pia fundi anakaa kisiwani au anatoka Mwanza.

Mwenye Duka
Asante mama, asante fundi. Kumbe ada ya mwezi ipo, nimeiona kwenye fomu. Kesho tunakaa na wenye mitumbwi, twende pamoja kwa kampuni tuombe iondolewe.