Waranti ya gari jipya: ni lazima sevisi ifanywe kwa muuzaji pekee?

Mwalimu wa Uthiru

Hamjambo wadau. Naomba ushauri wa wanaojua, si wa kubahatisha, kwa sababu gari hili nimelinunua kwa mkopo wa Sacco na bado nina safari ndefu ya kuulipa. Ni jipya kabisa, la petroli, injini ya lita 1.5 yenye tabo (turbo). Waranti ni miaka 3 au kilomita 100,000. Sevisi ni kila kilomita 10,000 au miezi 12. Mwaka unaisha mwisho wa mwezi huu lakini odometa haijafika hata elfu saba, maana kazi yake ni kunitoa Uthiru hadi shuleni Kawangware na kunirudisha, na Jumapili kanisani.

Mume wangu anasema tungoje elfu kumi zitimie. Yeye pia angependa kazi hiyo ifanywe na fundi wetu wa Kangemi, mtu mwaminifu aliyelitunza gari letu la zamani hadi tukaliuza likiwa zima. Bei aliyonitajia ni chini ya nusu ya ile ya muuzaji.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni traka, kile kifaa cha kufuatilia gari lilipo. Bima walisema bila traka hawanikatii. Kijana akaja nyumbani na begi lake, akafungua chini ya dashibodi, na kabla chai haijapoa akawa amemaliza. Tangu wakati huo kuna asubuhi injini inazunguka kwa uchovu kabla ya kuwaka. Nimempigia muuzaji, na aliyepokea simu akaniambia umeme wa gari umeguswa, kwa hiyo waranti yote imekwisha. Yote? Hata ya injini na giaboksi? Naombeni msaada.

Dereva wa Thika Road

Dada, hao wanakutisha tu. Kuna sheria inayowakataza kufuta waranti eti kwa sababu umefanya sevisi nje. Nimeona video inaeleza vizuri kabisa. Mpe fundi wako kazi, weka risiti, basi.

Karani wa Waranti

Kaka, video hiyo naijua na inazungumzia Marekani. Huko wana sheria ya mwaka 1975 inayoitwa Magnuson-Moss, na kweli inamkataza mtengenezaji kukufunga kwenye gereji yake au vipuri vyake kama sharti la waranti, isipokuwa akupe bure. Ni sheria nzuri lakini haivuki bahari. Tafadhali tusimpeleke Mwalimu mahakamani Milimani akiwa na sheria ya Washington mkononi.

Mwalimu, mimi nilikaa miaka mingi kwenye dawati la madai ya waranti kwa muuzaji mmoja pale Industrial Area. Nimepitisha madai mengi na nimelazimika kuyakataa mengi, na mengine yaliniuma, kwa sababu gari lilikuwa limetunzwa vizuri ila mwenyewe hakuwa na karatasi. Nitakujibu nikianza na lililo karibu kuchelewa.

Usingoje elfu kumi. Soma tena ukurasa wa sevisi, utaona maneno kama "lolote litakalotangulia". Kwako miezi 12 ndiyo imetangulia. Wala hili si hila ya kukula pesa. Safari yako ni fupi, na nusu yake umesimama Naivasha Road ukisubiri matatu zishushe watu. Odometa haihesabu muda huo, lakini injini inafanya kazi. Isipopata moto wa kutosha kwa muda mrefu, petroli kidogo na unyevu hupenya hadi kwenye oili, na oili haipati nafasi ya kuvikausha. Gari la Mombasa Road hadi Mtito Andei linaweza kufikisha elfu kumi na oili yake ikawa na afya kuliko yako ya elfu sita. Na tabo hiyo inalainishwa na oili hiyohiyo. Angalia pia kama kitabu kina sehemu ya matumizi magumu: vumbi, foleni, safari fupi. Vingi vinayo, na humo muda wa sevisi hupungua, wakati mwingine hadi nusu. Mtu wa Nairobi asijidanganye kuwa hayumo kwenye kundi hilo.

Sasa fundi wa Kangemi. Hapa Kenya jambo la kwanza ni mkataba wako, yaani kile kijitabu cha waranti. Kama kimeandika kwamba sevisi ifanywe kwa wakala aliyeidhinishwa, na wewe ukapokea gari kwa masharti hayo, kwenda kwingine ni kumpa mtu wa dawati langu sababu ya kukukatalia. Kama kimeandika tu kwamba sevisi ifanywe kwa ratiba na kwa oili na vipuri vya kiwango kilichotajwa, basi una nafasi. Soma sentensi hiyo mwenyewe, usisomewe kwa simu.

Ushauri wangu wa moyoni: kwa miaka hii 3, mpe muuzaji sevisi za ratiba, lakini ulipe zile za ratiba tu. Ukifika kaunta utasomewa orodha ndefu. Kusafisha injekta, dawa ya kuosha injini kwa ndani, kusawazisha magurudumu, kunyunyizia dawa mifereji ya hewa. Fungua kitabu mbele ya mpokezi, weka kidole kwenye safu ya miezi 12, umwambie: nifanyie haya. Yasiyo kwenye safu hayalindi waranti. Nimeona bili zikipungua kwa theluthi pale pale kaunta. Uliza pia kama wana mpango wa kulipia sevisi kadhaa kwa pamoja, mara nyingi huwa nafuu.

Kuhusu traka, aliyekujibu kwa simu amesema zaidi ya anachoweza kusimamia. Kifungu cha kawaida kinasema waranti haigharimii hasara *iliyosababishwa* na kifaa kilichoongezwa. Waya uliounganishwa vibaya ukichoma kompyuta ya gari, hapo umepoteza. Lakini waya wa traka hauli giaboksi. Muombe akuandikie, kwa barua pepe, ni kifungu namba ngapi cha kijitabu kinachofuta waranti yote. Wengi wakiombwa kuandika, sauti hubadilika.

Hata hivyo usiliache hilo tatizo la asubuhi. Nimewahi kushika nyaya zilizotolewa nyuma ya kisanduku cha fyuzi: waya wa kiwanda umechunwa katikati kwa wembe, wa traka umezungushwa juu yake, halafu tepu nyeusi. Ukiibandua tepu, shaba imeshaota ukungu wa kijani na nyuzi chache ndizo zimebaki zinashika. Kazi safi ni ile inayochukua umeme kupitia fyuzi yake yenyewe, bila kuchuna waya wowote.

Fundi wa Ngara

Naongezea kidogo kwa Karani, na ninakubaliana naye ingawa ni kujinyima mkate. Wateja wangu wenye magari mapya nawaambia wabaki kwa muuzaji hadi waranti iishe, ndipo waje.

Kama ni lazima sevisi ifanyiwe nje, basi risiti iwe ya kueleweka. "Sevisi" na jumla ya pesa si risiti. Iandikwe tarehe, kilomita, namba ya chasisi, aina ya oili na unene wake, lita ngapi, namba ya filta. Iwe ya eTIMS, ule mfumo wa risiti wa mamlaka ya kodi (KRA), yenye PIN ya kodi ya aliyekuhudumia, maana hiyo haiwezi kuandikwa leo ikapewa tarehe ya mwaka jana. Piga picha ya mkebe wa oili kabla haujafunguliwa, na ya odometa siku hiyo. Oili ya tabo si ya kuokota. Kama kitabu kinasema 5W-30 ya kiwango cha API SP, usikubali 20W-50 eti ni nzito kwa hivyo inalinda. Pia Kirinyaga Road kuna filta zinazofanana na halisi hadi boksi, lakini ukikata moja kwa mkasi wa bati utakuta karatasi nyembamba yenye mikunjo michache na gundi imemwagika upande mmoja.

Kwa betri: fundi yeyote mwenye mita anaweza kupima. Gari lizimwe, lifungwe, liachwe hadi kompyuta zote zilale, halafu apime umeme unaoibika. Ikizidi miliampea 50 hivi, kuna kitu kinanyonya. Achomoe fyuzi ya traka apime tena. Ikishuka, mwizi umempata. Lakini pia safari za foleni huku taa na feni vinafanya kazi hazijazi betri, kwa hiyo traka inaweza kuwa inasingiziwa.

Mwalimu wa Uthiru

Mungu awabariki. Nimesoma kijitabu jana usiku nikiwa na kalamu. Kinasema wazi: wakala aliyeidhinishwa. Basi fundi wa Kangemi atasubiri, na mume wangu amekubali alipoona maandishi. Nimeweka miadi kabla mwezi kuisha. Kuhusu traka nimewaandikia barua pepe nikitaka namba ya kifungu. Bado hawajajibu. Wakishikilia msimamo wao, mtu wa kawaida kama mimi anakwenda wapi? Sina pesa za wakili.

Karani wa Waranti

Mwalimu, umefanya vema. Kwanza, ndani ya kijitabu hicho tafuta muda wa betri peke yake. Mara nyingi betri haipewi miaka 3, hupewa muda mfupi zaidi, na huenda wake unaisha mwezi huu huu. Siku ya sevisi wapimishe betri na udai karatasi ya vipimo, hata wakisema ni nzuri. Malalamiko ya asubuhi yaandikwe kwenye karatasi ya kazi kabla hujasaini. Kasoro iliyoripotiwa ndani ya waranti ina uzito hata ikija kuharibika kabisa baadaye. Ya kusema kwa mdomo huwa haikusemwa.

Kabla ya hapo mwite mwenye traka arudi atumie fyuzi yake, na akupe barua ya namna alivyounganisha. Bima ndio waliotaka kifaa hicho, kwa hiyo waambie nao kwamba kuna mvutano.

Wakikataa kwa maandishi, mwandikie meneja wa huduma, halafu makao makuu ya mtengenezaji, kwa sababu waranti ni ya mtengenezaji na muuzaji ni mhudumu wake. Ikishindikana, Ibara ya 46 ya Katiba inakupa haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari unazohitaji ili unufaike nazo, na haki ya fidia. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Mtumiaji ya 2012, na Mamlaka ya Ushindani hupokea malalamiko ya wateja. Na kwa asiye na wakili kuna Mahakama ya Madai Madogo, ipo Milimani tangu 2021. Inasikiliza madai hadi shilingi milioni 1 na imewekewa siku 60 za kutoa uamuzi. Unakwenda mwenyewe na faili lako: kijitabu, karatasi za kazi zenye mhuri, barua pepe, picha.

Jambo moja zaidi, kwa sababu mvua za Nairobi zinajulikana. Maji yakiingia kwenye injini, waranti haihusiki, hiyo ni ya bima. Mwaka 2024 watu wengi waliwasha magari yaliyokuwa yamezama, injini ikameza maji na konrodi, vile vyuma vinavyosukumwa na pistoni, zikapinda. Ukikuta barabara imejaa, usipite. Na gari likizama usiliwashe, ita breakdown livutwe, na upige picha ya maji yalipofikia kabla hayajashuka.

Mwalimu wa Uthiru

Muda wa betri nimeupata, uko ukurasa wa nyuma kwa herufi ndogo: miezi 12. Nimewapigia, wamenisogezea miadi hadi Jumanne. Mwenye traka anakuja Jumatatu jioni, na nimemwambia aje na kishika fyuzi.