Moshi wa Oktoba unaita mvua au unaifukuza?

Alizeti_Chamwino
Mbukwenyi wadau. Niko Chamwino, ekari tatu za alizeti na kipande cha uwele. Kila Oktoba ugomvi nyumbani ni ule ule. Watu wanachoma mabua, upepo unainua vumbi, na ikikaribia magharibi jua unalikodolea macho bila kuumia, jekundu kama sahani ya shaba. Baba anasema moshi ndio unaoita mvua. Mdogo wangu wa sekondari anasema mwalimu wao kafundisha kwamba moshi unaua mvua. Juzi wamekula bila kusemeshana. Nani mkweli?

Mpimamvua_Mstaafu
Kijana, nimesoma kipimamvua saa tatu asubuhi kila siku mpaka nikastaafu, na ubishi huu ninaujua. Wote wawili wana kipande.

Mvuke haugeuki tone la wingu bila kitu cha kushikia. Unavyoona chumvi ya jikoni Dar inalowa yenyewe kwenye kopo, ndivyo chembe ya chumvi ya bahari, ya salfa au ya moshi inavyovuta mvuke huko juu. Tone la wingu limejengwa juu ya chembe. Hapo mpe baba alama.

Sasa, sufuria moja ya uji ukiigawa vikombe kumi watu wanashiba. Ukiigawa vikombe mia, kila mtu analamba. Moshi ukizidi, mvuke ule ule unagawanyika kwenye matone mengi, madogo mno. Tone moja la mvua linataka matone ya wingu kama milioni moja yaungane, na hayo madogo hayagongani vizuri, yanaelea tu. Hapo mpe mwalimu.

Wingu la namna hiyo pia huwa jeupe zaidi. Bonge la chumvi ya mawe linapitisha mwanga, lakini ukilitwanga linakuwa jeupe pee, na chumvi hujaongeza. Wingu jeupe linarudisha jua angani, chini panapoa. Masizi meusi ni kinyume: yananyonya jua na kupasha hewa pale pale yalipo, hata wingu likaweza kukauka.

Ila Oktoba yetu msimbambikie moshi kesi. Dodoma tunapata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote Desemba hadi Aprili, ukanda wa mvua unapolifuata jua kuja kusini. Oktoba haujafika, hewa ni kavu. Uji wenyewe haujapikwa, mnagombania vikombe vya nini?

Boda_Ihumwa
Shikamoo mzee. Kwa hiyo moshi unapoza dunia? Basi tuchome zaidi, huku joto limezidi 😂

Mpimamvua_Mstaafu
Marahaba. Volkano ya Pinatubo, Ufilipino, Juni 1991, ilirusha mamilioni ya tani za gesi ya salfa juu kuliko mawingu yenyewe, na mwaka uliofuata dunia ikapoa kama nusu nyuzi ya Selsiasi. Halafu joto likarudi. Na chembe hizo za salfa zilikuwa juu sana ambako mvua haizifikii. Moshi wa shambani unaanguka au kuoshwa ndani ya wiki moja, mbili. Kabonidayoksaidi ya moto wa mkaa na petroli ya boda yako inabaki karne na karne. Hata meli: tangu 2020 salfa kwenye mafuta yao imeshushwa kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, na ile mistari myeupe ya mawingu ambayo moshi wao ulikuwa unaichora nyuma yao baharini imepungua sana. Huo moshi wako, kabla haujafika kwenye wingu lolote, unapita kifuani kwako.

Alizeti_Chamwino
Asante mzee. Nimemsomea baba yote. Kwenye uji kacheka, kwenye alama kanuna, anataka yake iwe kubwa kuliko ya mwalimu. Mabua mwaka huu kasema tunawaachia ng'ombe. Si kwa ajili ya mawingu: mwaka jana moto uliruka ukala uzio wa jirani na mbuzi wakahamia kwenye mtama wetu.