Mdogo wangu kachaguliwa vyuo viwili, cha serikali na cha binafsi. Athibitishe kipi?

Muuza Chipsi
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa kike kamaliza form six, EGM (Uchumi, Jiografia na Hesabu), division two ya pointi 11. Wazazi walishatangulia, namsomesha kwa kibanda cha chipsi hapa Singida. Chuo cha serikali kapata Sosholojia, ada 1,300,000 kwa mwaka. Cha binafsi kapata Uhasibu, 1,900,000. Roho yake iko kwenye Uhasibu. Hata daftari la madeni la kibandani analiandika yeye, na mteja akibisha anamwonyesha tarehe. Mwisho wa kuthibitisha ni Jumapili na majina ya mkopo bado. Bodi ya Mikopo wanawapa mkopo wa vyuo binafsi?

Baba Nuru
Wanawapa. Wanaangalia hali ya mwombaji, si chuo ni cha nani. Mimi nimesoma chuo binafsi kwa mkopo, sasa nakatwa 15% ya mshahara kila mwezi. Ila vyeti vya vifo vya wazazi mlivihakiki RITA, wale wa usajili wa vizazi na vifo? Yatima wengi hukwamia hapo.

Muuza Chipsi
Cha mama ndiyo. Baba alizikwa kijijini, cheti hatukuwahi kufuatilia.

Baba Nuru
Mkuu, acha kuwaza chuo, kimbilia hicho cheti! Kifo cha zamani kinasajiliwa, anzeni na barua ya mtendaji. Bodi huwa wanafungua dirisha la kurekebisha fomu, lisiwapite.

Kiroboto
Vyuo binafsi mimi siviamini. 2017 TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, walizuia vyuo 19 visidahili, mmesahau?

Dada Mhasibu
Hatujasahau. Ndiyo maana unafungua mwongozo wa TCU wa mwaka huu, ukiikuta kozi humo unatulia. Na mitihani ya CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu, kule NBAA, bodi ya wahasibu, ni ile ile, uwe umetoka chuo gani.
Muuza Chipsi, ada isikuchanganye. Omba mchanganuo mzima: usajili, bima, hosteli, mafunzo kwa vitendo. Halafu uliza wanapokea kwa awamu ngapi. Mimi nilizuiwa mlangoni pa chumba cha mtihani kwa deni la 80,000, kalamu mkononi.

Mzee wa Busara
Mbona hamumtajii Chuo Kikuu Huria? Kimeanzishwa 1992, kina vituo mikoani. Binti anasoma huku anakusaidia kibandani.

Muuza Chipsi
Mzee, shikamoo. Nimeliwaza hilo, lakini najijua. Akibaki hapa nitamtumikisha, vitabu atafungua saa tano usiku mikono inanuka mafuta.

Dada Mhasibu
Umejijibu mwenyewe, kaka.

Muuza Chipsi
Mrejesho: kathibitisha Uhasibu. Nimempigia mhasibu wa chuo, ada ni awamu nne, ya kwanza naimudu hata mkopo ukichelewa. Kesho sifungui kibanda, tunapanda basi la alfajiri kwenda kwa mtendaji.