Zulia lililoungua mnaliwekaje boksi moja na galoni la petroli??

Wakuu naomba niseme maana leo yamenifika shingoni. Mimi niko maabara, kazi yangu kupima mabaki ya moto kuona kama kuna petroli, mafuta ya taa au chochote cha kuwashia. Leo wapelelezi wameleta kipande cha zulia kwenye mfuko wa plastiki wa kawaida umepigwa fundo juu, na kwenye boksi hilohilo wameweka galoni la petroli walilokuta kwa mshukiwa. Jamani ile plastiki haizuii mvuke, unatoka na unaingia, sasa nikikuta petroli kwenye zulia nitajuaje ni ya kwenye moto au imeingia humo njiani? Kinachotakiwa ni kopo la bati jipya lenye mfuniko wa kubana au chupa ya kioo, na galoni lisafiri kivyake. Tumeshawaambia mpaka tumechoka.

Halafu sampuli ya kulinganishia hakuna! Zulia likiungua lenyewe linatoa kemikali kama toluini na stairini, na toluini imo kwenye petroli pia. Mbao za msonobari nazo zina kemikali ziitwazo tapini kama zilizomo kwenye tapentaini. Mashine ya maabara inatenganisha kemikali moja moja ila mchoro inaoutoa anausoma mtu, na mtu huyo anahitaji kipande cha zulia lilelile kutoka sehemu isiyoshukiwa kumwagiwa kitu.

Sampuli za udongo ndo usiseme, udongo unakaa wiki kadhaa bila kugandishwa, bakteria wanaila petroli, nikiandika sijaona kitu napigiwa simu eti mbona mbwa wa kunusa mafuta alinusa. Mbwa akinusa maabara isipothibitisha hiyo haijawa ushahidi, hata NFPA 921, mwongozo wa Marekani wa kuchunguza moto, unasema hivyo.

Na haya mambo yanaua. Cameron Todd Willingham kule Texas alihukumiwa kwa moto wa 1991 uliowaua wanawe watatu, akanyongwa, sorry, akachomwa sindano ya sumu 2004, na wataalamu waliopitia ule ushahidi wakasema alama zilizoitwa za mafuta kumwagwa hazikuwa na msingi wa kisayansi.

Nimepiga picha boksi lilivyofika nikaambatanisha kwenye ripoti, nimeandika kwamba majibu ya sampuli hii hayawezi kutegemewa. Wamekasirika. Mshukiwa bado yuko ndani, na lile zulia lililobaki, ambalo lingetoa kipande cha kulinganishia, nasikia limeshatupwa.