Utangulizi wa kalkulasi kwa masafa: video ninazielewa, maswali yananishinda

Mhasibu wa Songea

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri. Nina umri wa miaka 36, ni mhasibu msaidizi, na muhula huu nimeanza shahada ya uchumi kwa njia ya masafa. Somo la kwanza la hisabati ni utangulizi wa kalkulasi, yaani hisabati ya kasi ya mabadiliko. Kidato cha sita nilisoma tahasusi ya ECA (uchumi, biashara na uhasibu), hivyo BAM, ile hisabati ya msingi ya wasiochukua hisabati kamili, niliipitia, lakini hiyo ni 2009 na kilichobaki kichwani ni kidogo mno. Kila usiku watoto wakishalala nafungua video ya mhadhiri, nasikiliza dakika 40, na kila mstari anaouandika nauelewa. Nikigeukia karatasi ya mazoezi, hata swali la kwanza sijui nilianzie wapi. Niliuliza kwenye ukurasa wa somo wiki tatu zilizopita na hadi leo sijajibiwa. Mtihani umebakiza wiki tisa. Je, niahirishe somo hili hadi mwakani ili nirudie kwanza hisabati ya sekondari?

Mwalimu Mstaafu

Ndugu yangu, usiahirishe kabla hujajipima. Nimefundisha hisabati kidato cha tano na cha sita kwa miaka mingi, na wengi niliowasikia wakisema kalkulasi imewashinda walikuwa wameshindwa na aljebra iliyo chini yake: kufungua mabano, kujumlisha sehemu, kanuni za vipeo. Mhadhiri huzipita hatua hizo kwa pumzi moja, nawe unayemsikiliza huoni kwamba umerukwa.

Funga video, uchukue kalamu. Embe likianguka kutoka mtini, umbali lilioshuka kwa mita ni takriban 5t², t ikiwa ni sekunde tangu lilipochomoka. Sekunde ya kwanza inapotimia, embe lina kasi gani? Kati ya sekunde 1 na 1.1 limeshuka mita 1.05, yaani wastani wa mita 10.5 kwa sekunde. Kati ya 1 na 1.01 wastani ni 10.05, kati ya 1 na 1.001 ni 10.005. Zikokotoe mwenyewe. Namba zinaikaribia 10, na hiyo 10 ndiyo derivativu ya 5t², yaani kasi yake ya kubadilika, pale t inapokuwa 1. Sasa, badala ya 0.1 weka h: fungua mabano ya 5(1+h)², toa 5, gawanya kwa h. Utuandikie hapa hatua zote, hata kama unadhani umekosea.

Muuguzi, Mombasa

Namuunga mkono mwalimu. Nami nilisoma somo hili kwa masafa nikiwa kwenye zamu za usiku, na kilichoniokoa ni kusimamisha video. Mhadhiri akishaandika swali, nilikuwa nageuza simu kifudifudi, najaribu mwenyewe kwa dakika 10, ndipo naendelea. Video moja ilinichukua hadi saa mbili, lakini sikuhitaji kuirudia. Mihadhara ya kalkulasi ya MIT ipo bure kwenye OpenCourseWare, na masomo ya Khan Academy ni mafupi zaidi na yanaanzia kwenye aljebra unayoihitaji. Weka pia programu ya GeoGebra, uchore 5t², kisha usogeze nukta moja kuelekea nyingine, utazame mstari unaoziunganisha unavyobadilisha mteremko wake.

Na jambo moja la lugha: neno kikomo lilinipotosha kwa majuma mengi, kwani nilidhani ni mahali ambapo namba lazima zifike na kusimama, ilhali ni pale zinapopakaribia, kama ile 10 ya mwalimu, zifike zisifike.

Mhasibu wa Songea

Ahsanteni sana. Jana usiku nilipata 5h, ambayo h ikikaribia sifuri inatoa sifuri, na embe linaloanguka haliwezi kuwa na kasi ya sifuri. Nilihangaika karibu saa nzima kabla ya kuona kwamba niliandika 5(1+h)² kuwa 5 + 5h². Nilipoandika (1+h) mara mbili na kuzidisha kipande kwa kipande, ile 2h iliyokuwa imepotea ilijitokeza, nikapata 10 + 5h. Lakini nina swali: kwa nini tusiweke h kuwa sifuri tangu mwanzo, kuliko kuzunguka hivi?

Mwalimu Mstaafu

Umeuliza swali lenyewe hasa. Ukiweka sifuri mapema unapata sifuri kugawanya kwa sifuri: embe halikusogea katika muda ambao haukupita, na hapo hakuna kasi ya kupimwa. Ndiyo maana tunagawanya h ingali na ukubwa wake, hata uwe mdogo namna gani, kisha tunaangalia kinachobaki kinaelekea wapi. Katika uchumi utakutana na jambo hilohilo ukiulizwa gharama ya kuzalisha gunia moja la ziada, nayo ni derivativu ya gharama yote.

Kwa kosa uliloliona mwenyewe, sioni sababu ya kuahirisha. Wiki mbili hizi tenga saa moja kila siku kwa aljebra peke yake, video zipunguze. Kesho rudia hatua hizohizo kwa t³, halafu kwa 1/t. Hiyo ya pili itakudai kutoa sehemu zenye asili (namba za chini) tofauti, na nadhani hapo utakwama kidogo. Ukikwama, piga picha ya daftari uilete hapa kabla hujafuta chochote.