Mjadala: Tuchangie laptopu mpya za shule au zile desktopu za zamani zifufuliwe kwanza?

Mzazi wa Chumbageni

Wana Tanga habari za saa hizi. Naleta hili hapa maana kikao cha wazazi kinakaribia na navyotujua sisi, kule tutaguna chini chini halafu mikono inanyooshwa, mchango umepita, mtu unarudi nyumbani unajiuliza umekubali nini.

Iko hivi. Shule wanayosoma watoto wetu (siitaji, anayeijua anaijua) ina chumba cha kompyuta chenye desktopu za mtumba zilizotolewa na wafadhili miaka hiyo, nyingi ni Dell OptiPlex 790, prosesa (ubongo wa kompyuta) Core i5-2400, ramu (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) GB 4, halafu kuna chache za nyuma zaidi zenye Core 2 Duo. Kamati inasema zimechoka, ziuzwe kwa watu wa chuma chakavu, kila mzazi atoe chake zinunuliwe laptopu mpya. Karatasi ya bei imeshazungushwa, maelezo yake ni mstari mmoja tu: laptopu mpya, Windows 11, ramu GB 4, storeji (nafasi ya kuhifadhia) GB 64, prosesa Intel Celeron N4020.

Mimi mchango siupingi, napinga hiyo laptopu. Watu wakisikia mpya wanajua na kasi imo humo humo. Haya tuziangalie. Hiyo i5-2400 ni ya mwaka 2011, ina kori 4 (yaani vichwa vinne vya kufanya kazi ndani ya prosesa moja), inakimbia GHz 3.1 na ikibanwa inapanda mpaka 3.4. Celeron N4020 ilitoka mwishoni mwa 2019, kori 2 tu, kasi yake ya kawaida GHz 1.1 na ikijitutumua sana inafika 2.8. Ya desktopu imepangiwa wati 95, hiyo nyingine wati 6, yaani kazi yake ni kuokoa betri, haikutengenezwa kukimbizana na mtu, na kwenye kazi inayotumia kori zote haifiki hata nusu ya huyo mzee wa 2011. Tena ramu GB 4 na storeji GB 64 ndio kiwango cha chini kabisa wanachokitaja Microsoft wenyewe ili Windows 11 iingie, na storeji ya laptopu za aina hii mara nyingi ni eMMC, chipu iliyochomelewa kwenye bodi, huwezi kuitoa ukaweka kubwa. Apdeti mbili tatu na mafaili ya wanafunzi, imejaa, tunarudi kwenye kikao.

Mtasema mbona hizo desktopu zinasota kweli. Zinasota, sikatai. Nilipokwenda kulipa ada nikaomba nikae kwenye moja, nikafungua Task Manager (dirisha la Windows linaloonyesha kila kifaa kinafanya kazi kiasi gani) nikaiacha nitazame. Prosesa asilimia kumi na kitu, inashuka mpaka saba, inapanda tena kidogo. Diski 100%, imekolea rangi, haibanduki hapo, na ukitega sikio kwenye boksi unaisikia hadi diski (hard disk, inayohifadhi mafaili) inakwaruza krr krr krr huku Word bado haijafunguka. Prosesa imekaa tu inasubiri kuletewa kazi! Hadi diski ni sahani inazunguka mara 7,200 kwa dakika na kuna mkono unatakiwa uende kwenye kila kipande cha faili, kila safari inakula kama milisekunde kumi, na Windows ikiwaka inataka maelfu ya vipande vidogo vidogo. SSD, diski ya chipu tupu, haina sahani wala mkono, safari ile ile ni kama sehemu ya kumi ya milisekunde moja. Weka SSD, ongeza ramu ifike GB 8, halafu ndio tukae tuulizane kama imechoka.

Karibuni, ila tupingane kwa hoja tafadhali.

Fundi Barabara ya 9

Mkuu nakuunga mkono ila hizo Core 2 Duo zitenge pembeni, usizitetee. Zile ni za 2008 huko, hata ukizipa SSD zinaamka ndio lakini ukifungua brauza na tabu nne tano prosesa yenyewe ndio inakwama, na Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 haiwaki kabisa humo maana kuna amri prosesa hizo hazina. Hizo sawa ziende kwenye chuma chakavu, ila hadi diski zichomolewe kwanza, zina majina na matokeo ya watoto humo.

Kingine ambacho watu wa bara hawakijui ni upepo wetu wa bahari. Nikiletewa mashine "imekufa mama bodi" kutoka nyumba za karibu na maji kitu cha kwanza nachomoa ramu, yale meno yake ya dhahabu unakuta yamefifia, mengine yameota ukungu wa kijani. Nachukua kifutio cha penseli, nasugua taratibu upande huu na huu mpaka yang'ae, napangusa kwa spiriti, narudisha, inawaka. Na ile pesti ya juu ya prosesa ikishakauka inakuwa unga mtupu, joto linapanda, prosesa inajipunguzia kasi yenyewe isiungue, hapo mtu anaipima anasema kompyuta ya zamani ni nzito. Safisha kwanza halafu upime.

Na mkiweka SSD angalieni tundu, bodi za 2011 siyo matundu yote ya SATA (ya kuchomekea diski) yana kasi moja, chomekeni kwenye lile la SATA 0. Kwenye yale ya zamani utapata chini ya MB 300 kwa sekunde badala ya 500 na kitu, ingawa kusema kweli mtoto anayeandika barua Word hataona tofauti.

Kijana wa Raskazone

Mnanishangaza wakubwa. Windows 10 Microsoft walishaacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 wanaikubali rasmi kuanzia Intel kizazi cha 8 yenye TPM 2.0 (chipu ya usalama). Hizo i5 zenu ni kizazi cha 2! Utailazimisha iingie kwa njia za panya, itaingia, lakini kesho apdeti kubwa ikigoma nani anakuja shuleni? Chumba chenyewe flashi za wanafunzi arobaini zinapishana humo kila wiki, virusi vya kutosha, halafu mnataka mfumo usiozibwa matundu.

Pia mnacheza rafu. Mmechukua laptopu mbovu kuliko zote dukani ndio mnailinganisha. Linganisheni na Intel N100 ya 2023, nayo ni wati 6 lakini kori 4 na inafika GHz 3.4, hiyo inaipita i5-2400 na haina kelele. Au prosesa ya AMD, Ryzen 5 5500U, kori 6, hapo desktopu yenu hata mgongo hauoni.

Mzazi wa Chumbageni

Kijana, rafu wamecheza walioandika karatasi ya bei, mimi nimelinganisha na kile tunachoombwa kulipia. Ungewekewa N100 yenye GB 8 na SSD ya kutoka nisingefungua mdada huu, oh samahani, mjadala huu, simu hii inajiandikia yenyewe 😅

Hapo kwenye Windows 10 umenishika pazuri, hoja nzito hiyo na sitaizunguka. Jibu langu ni Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Toleo la 22 linahudumiwa mpaka 2029, GB 4 linatosheka, 8 linaserereka, na virusi vya flashi za Windows haviliwezi. Kwa mtoto anayejifunza kuandika, kupanga majedwali na kutafuta kitu kwenye intaneti, hapungukiwi.

Mwalimu (siyo wa shule hiyo)

Naomba niingie kama mtu anayesimama mbele ya hao watoto. Linux ni nzuri kwenye maandishi yenu hapa, lakini notisi tulizonazo, vitabu na mazoezi karibu vyote vimeandikwa kwa kumfuata mwenye Word na Excel, bofya hapa halafu pale. Mimi mwenyewe nimejifunzia humo. Ukiniletea LibreOffice (mbadala wa Word na Excel kwenye Linux) nitaimudu maana napenda mambo haya, ila mwenzangu wa jirani atafunga mlango wa chumba ataweka kufuli, na mtasema mashine zipo na hazitumiki. Mafunzo ya mwalimu nayo yana gharama, yaandikeni kwenye hiyo hesabu.

Halafu hakuna aliyetaja umeme ukikatika. Nimepata kuwa na vitendo katikati, umeme huo, puu, chumba kizima giza, UPS (yale maboksi ya kushikilia umeme ukikatika) zote betri zilishakufa zimebaki za kuwekea madaftari juu. Kazi ya nusu saa imeyeyuka. Laptopu inaendelea tu, hata kama ni hiyo Celeron.

Ila na laptopu zina ugonjwa wake, zina miguu. Mkuu wa idara anaichukua wikiendi, mhasibu anaazima, chaja mbili zimepotea, mwisho wa mwaka kwenye chumba zimebaki nusu. Desktopu hakuna anayepanda nayo daladala.

Bi Steshenari Ngamiani

Mwalimu hapo kwenye miguu umeniua 😂😂

Mimi nawaletea hesabu za dukani maana LUKU nalipa mwenyewe. Desktopu na monita yake kwa kazi za kawaida za kuchapa na kuprinti tuseme wati 70, laptopu 15. Tofauti 55. Mimi nafungua saa kumi kwa siku, siku 26 za mwezi, hiyo ni kama uniti 14, kwa uniti ya shilingi 350 hivi ni elfu tano kwa mwezi kwa mashine moja. Ipo, inauma kidogo, ila kwa mwaka ni elfu sitini, sasa laptopu ya laki tisa utairudisha lini kwa kuokoa umeme? Na shule haiwashi saa kumi. Hiyo sababu ya umeme mtu asiwaletee kwenye kikao.

Kubwa nililotaka kusema ni hili la jina la i5. Nilinunua laptopu ya mtumba, stika imeandikwa i5, nikafurahi nikajua nimepata sawa na desktopu yangu. Ni i5-6300U, ya 2015, mpya kuliko desktopu, lakini ina kori 2 tu wakati hata hiyo i5-2400 ya shule ina 4. Ile herufi U ya mwisho ndio wati 15. Msimu wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu vijana wamepanga foleni mpaka nje, skana inafanya kazi, tabu za brauza zimefunguliwa kumi na kitu, PDF zinaunganishwa, laptopu inapuliza feni kama inataka kuruka na desktopu wala haina habari. Zile za U zilianza kuwa na kori 4 kwa i5 kuanzia kizazi cha 8, i5-8250U ya 2017, na ndio hapo hapo Windows 11 inapoanzia. Kwa hiyo mtu akiniuliza mtumba namwambia chini ya 8 usinunue, hata bei iwe ya kutupa.

Kijana wa Raskazone

Dada hapo tumekutana. Basi badala ya mpya za Celeron, shule ichukue laptopu za mtumba za kizazi cha 8, zina betri, Windows 11 halali, mwalimu anabaki na Word yake. Na desktopu mziache hukohuko.

Mzazi wa Chumbageni

Hilo nalikubali kuwa bora kuliko karatasi ya kamati, ila betri za mtumba unazijua mwenyewe, nyingi ukichomoa waya inakuaga, hapo tumerudi kwenye giza la mwalimu. Na bado pesa ya laptopu moja ya hivyo inanunua SSD na ramu za desktopu kadhaa.

Ninachotaka kupeleka kwenye kikao ni kwamba zipimwe zote meza moja kabla ya shilingi kutoka. Muuzaji alete laptopu moja ya aina ile ile ya kwenye karatasi, sisi tulete OptiPlex moja iliyosafishwa na kuwekewa SSD na GB 8. Kazi ziwe zile zile: kuwaka mpaka brauza ifunguke, kufungua faili la Excel la matokeo ya shule nzima, kufungua tabu kumi, kukopi folda la picha kutoka kwenye flashi hiyo hiyo moja. Halafu 7-Zip, ni programu ya bure na ndogo, ina kipimo cha kasi ndani yake, haihitaji intaneti. Iachwe izunguke dakika kumi na laptopu ipimwe ikiwa imechomekwa na ikiwa kwenye betri, maana zile nyembamba mzunguko wa kwanza zinang'ara halafu zikishachemka, na joto letu hili la Februari na Machi, zinashuka. Wasitusomee GHz. Pentium 4 ya 2003 nayo ilikuwa na GHz 3.0 na hakuna anayeitaka.

Laptopu ikishinda hapo nachangia bila neno.

Mwalimu (siyo wa shule hiyo)

Ongeza na hili, mwalimu wa somo aitwe kwenye hicho kipimo, siyo kamati peke yake. Na kwenye bajeti ya desktopu ziwekwe betri mpya za UPS, la sivyo mmefufua nusu.

Bi Steshenari Ngamiani

Na bei iandikwe na jina kamili la prosesa, aina ya storeji, na kama ramu inaongezeka au imechomelewa. Mstari mmoja huo ni wa kumuuzia mtu sukari.

Fundi Barabara ya 9

Nileteeni moja kabla ya kikao, hiyo ya majaribio naisafisha bure. Msinunue SSD kumi kwa mpigo, anzeni na moja muone. Monita msibebe, ninayo.