Kisu kinakata karatasi, tungule (nyanya) kinaiponda: naomba ushauri

Assalaam alaykum jamaa. Nipo Wete, jioni nauza samaki wa kukaanga na kachumbari, na kisu changu kinanitia aibu. Nakinoa mwenyewe kwenye kinoo cha maji, upande wa namba 400 wenye chenga kubwa, kisha wa 1000 ulio laini. Nikimaliza nakijaribu kwa karatasi ya daftari: kinapita bila ya kukwama. Nafurahi. Nikikiweka juu ya tungule bila ya kugandamiza, kinateleza! Ganda linabonyea tu, mpaka nisukume kwa nguvu, maji yananirukia kanzuni.

Marehemu babu alikuwa akijaribu kwa malaika (vinyweleo) ya mkono, yakinyoleka basi tayari. Mimi mkono ushakuwa upara kwa majaribio. Muuza nyama mmoja kanifunza kupitisha kidole gumba kwa kukingama makali, si kufuata urefu wake, maana hapo utajikata. Nikifanya hivyo, upande mmoja nasikia kama unywele wa chuma uliojikunja, mwengine laini. Nahisi huo ndio unaonidanganya kwenye karatasi. Nimekisugua kwenye mkanda wa ngozi, na hata kwenye kitako cha kikombe cha udongo, lakini bado nausikia.

Wazoefu, mwisho wa kunoa nibadilishe upande kila nikikipitisha mara moja, kwa mkono mwepesi? Pembe ya kisu na kinoo nakadiria digrii 20. Na nyinyi mnajaribu kwa kitu gani kabla ya kumpasua jodari? Msinambie ninunue kipya, hiki kakiacha babu.